Kompyuta Ikiwa Nzito Ghafla: Foleni Iko Wapi?

Mwishoni mwa Machi 2024, Andres Freund, mhandisi wa Microsoft anayeshughulikia hifadhidata ya PostgreSQL, alikuwa katika majaribio yake ya kawaida alipoona jambo dogo. Kuingia kwenye mashine yake kwa njia ya SSH, kazi iliyozoea kuchukua sekunde 0.3, sasa kulichukua sekunde 0.8. Wengi wasingeiona nusu sekunde hiyo, na kati ya wale ambao wangeiona, wengi wangezima mashine na kuiwasha tena. Freund alitaka kujua nusu sekunde inaliwa na nani. Alifuatilia kazi za prosesa hatua kwa hatua mpaka akafika kwenye maktaba ya kubana mafaili iitwayo xz, matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1, na humo akakuta mlango wa siri. Ulikuwa umepandikizwa na mtu aliyetumia zaidi ya miaka miwili kujijengea imani kwa wenzake katika mradi huo. Tarehe 29 Machi Freund aliutangaza hadharani, kabla haujaenea kwenye seva nyingi za Linux duniani.

Swali lake linamfaa hata karani wa steshenari ambaye asubuhi alifungua Word kufumba na kufumbua, na alasiri anaisubiri dakika tatu huku wateja wamejaa mlangoni. Kompyuta iliyokuwa nyepesi jana na leo ni nzito ina kitu kilichobadilika, na kitu hicho kina mahali pake. Uzee hauji kwa siku moja. Mwaka 1995 mwanasayansi wa Uswisi, Niklaus Wirth, aliandika kwamba programu huongezeka uzito haraka kuliko vifaa vinavyoongezeka kasi, na miaka iliyofuata imempa haki. Lakini hoja yake inaeleza uzito wa miaka kumi. Haielezi uzito ulioanza Jumanne baada ya chakula cha mchana. Kwa huo lazima atafutwe mhusika.

Kwa bahati mbaya, desturi yetu ni kuiruka hatua hiyo. Peleka kompyuta nzito kwa fundi wa mtaani, iwe Dar es Salaam au Nairobi, na mara nyingi jibu linatoka kabla mashine haijawashwa: ipigwe Windows upya. Naelewa kwa nini. Kazi hiyo inajulikana, bei yake inajulikana, mteja anaielewa, na mashine hurudi nyepesi kwa muda. Tatizo ni kwamba tiba hiyo inafuta ushahidi wote. Kama chanzo kilikuwa programu fulani, hutaijua tena, na wiki ijayo utaiweka upya kwa mkono wako mwenyewe. Kama chanzo ni feni iliyojaa vumbi, umelipa bure. Na kama chanzo ni diski inayokufa, kuiandikia makumi ya gigabaiti za mfumo mpya kunaweza kuwa ndiko kuimaliza, pamoja na tasnifu, hesabu za duka na picha za marehemu ambazo hazikuwa na nakala popote.

Kwa nini basi uzito huja ghafla wakati vyanzo vyake vingi hujikusanya polepole? Jibu lilianza kuandikwa Copenhagen mwaka 1909, kabla kompyuta hazijakuwapo, na Agner Krarup Erlang, mwanahisabati aliyefanya kazi katika kampuni ya simu ya mji huo. Alichokuwa akikichunguza ni namna simu nyingi zinavyogombea laini chache. Hisabati ya foleni iliyotokana na kazi yake inafaa popote ambapo wengi wanahudumiwa na mmoja. Chukua dirisha moja la wakala wa fedha za simu, wateja wakija bila mpangilio. Wakala akiwa na kazi kwa nusu ya muda wake, mteja hukaa pale, kwa wastani, mara mbili ya muda wa kuhudumiwa. Akiwa na kazi kwa asilimia 90 ya muda, mteja hukaa mara 10. Kwa asilimia 95 ni mara 20, na kwa asilimia 99 ni mara 100. Kutoka asilimia 90 hadi 99 mzigo umeongezeka kwa sehemu moja tu ya kumi, lakini kusubiri kumeongezeka mara kumi. Prosesa, RAM, diski na laini ya intaneti zote zina foleni za namna hiyo. Unaweza kuongeza programu moja baada ya nyingine mwaka mzima bila kuhisi lolote, kisha ile ya mwisho ikaangusha zote. Ndiyo inayolaumiwa, ingawa kosa lake kubwa ni kufika mwisho.

Mahali ambapo mporomoko huo huwa mkali kupita pote ni kwenye RAM. Tangu mashine ya Atlas ya Chuo Kikuu cha Manchester, iliyozinduliwa 1962, kompyuta zimejua kujifanya zina kumbukumbu kubwa kuliko iliyomo: vipande visivyotumika huhamishiwa kwenye diski na kurudishwa vinapohitajika. Mpango huo unafanya kazi vizuri sana mpaka siku ambayo vipande vinavyohitajika kwa wakati mmoja vinaizidi RAM. Hapo kila kipande kinachorudi kinakifukuza kingine ambacho nacho kinatakiwa papo hapo, na mashine inabaki kuhamisha data huku na huko bila kuendelea mbele. Peter Denning wa Marekani alichambua hali hii mwaka 1968 na kuonyesha kwamba haina ngazi za katikati: programu ikipata kumbukumbu inayoihitaji kwa wakati huo inakimbia, ikikosa sehemu yake inakwama. Sababu ni ukubwa wa pengo. RAM hujibu kwa takribani nanosekunde 100, na diski ya sahani zinazozunguka kwa takribani milisekunde 10, yaani mara 100,000 zaidi. Kama RAM ingejibu kwa sekunde moja, diski ingejibu baada ya zaidi ya saa 27.

Kwa mtumiaji wa leo mlaji mkuu wa RAM ni kivinjari. Chrome ilipotoka Septemba 2008 ilikuja na mpango wa kugawa vichupo katika michakato inayojitegemea, ili kimoja kikianguka kisivute vingine. Mwaka 2018 Google iliongeza utengano huo kati ya tovuti na tovuti ili kuziba udhaifu wa prosesa uitwao Spectre, na wenyewe walisema matumizi ya RAM yangepanda kwa asilimia 10 hadi 13. Ulinzi huo una thamani, nami nisingependa mtu auzime. Lakini kompyuta mpakato ya GB 4, ambacho ndicho kiwango cha chini kabisa kinachokubaliwa na Windows 11, haiwezi kubeba vichupo 30, kikao cha Zoom na faili kubwa la Excel kwa pamoja. Hakuna kirusi hapo. Kama mashine ina nafasi ya kuongeza, GB 4 nyingine zitafanya kazi kuliko kupiga Windows mara tatu.

Foleni ikishajulikana kuwa ndiyo tatizo, kinachobaki ni kuitazama, na vifaa vya kuitazamia vimo ndani ya mashine yenyewe bila malipo. Kwenye Windows, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, Task Manager inafunguka. Kwenye Mac kuna Activity Monitor, na kwenye Linux amri ya top inatosha kuanzia. Kwenye Task Manager utaona prosesa, RAM, diski na mtandao, kila kimoja na asilimia yake, na chini yake programu zinazokitumia. Bofya kichwa cha safu, na mlaji mkubwa anapanda juu. Hilo peke yake humaliza sehemu kubwa ya kesi.

Kwa zinazobaki, naupenda utaratibu alioueleza Brendan Gregg, mtaalamu wa utendaji wa mifumo kutoka Australia. Kwa kila kifaa ndani ya mashine uliza mambo matatu: kinatumika kwa kiasi gani, kina foleni kiasi gani, na kina makosa gani. Watu huishia kwenye swali la kwanza, na hapo ndipo wanapopotea. RAM iliyotumika kwa asilimia 80 si ugonjwa, kwa sababu mfumo hutumia RAM iliyo tupu kuweka vitu utakavyovihitaji baadaye. Prosesa iliyofika asilimia 100 wakati video inachakatwa inafanya kazi uliyoituma. Kinachopaswa kukushtua ni diski inayoonyesha asilimia 100 huku ikisafirisha megabaiti moja au mbili tu kwa sekunde. Imezidiwa na haibebi kitu. Task Manager inaonyesha pia muda wa wastani wa diski kujibu. Ukiona mamia au maelfu ya milisekunde yanadumu, acha kila kitu kingine, tatizo umelipata.

Diski inastahili nafasi kubwa kuliko vyanzo vingine vyote, kwa sababu ndicho chanzo pekee ambacho kuchelewa kukitambua kunaondoka na mali ya mwenyewe. Kompyuta nyingi za mitumba zinazouzwa kwetu bado zina diski za sahani zinazozunguka mara 5,400 kwa dakika. Mzunguko mmoja unachukua milisekunde 11, hivyo kusubiri data ipite chini ya kichwa cha kusomea ni wastani wa milisekunde 5.5. Ongeza muda wa mkono kusogea mahali pake, na kila ombi la data iliyotawanyika linagharimu milisekunde 15 hivi. Diski nzima inaweza kuhudumia maombi 60 au 70 kwa sekunde. SSD ya kawaida, yaani diski isiyo na sahani, huhudumia makumi ya maelfu. Windows 10 na 11 zina kazi nyingi za nyuma ya pazia, kama kuorodhesha mafaili kwa ajili ya utafutaji, kukagua virusi na kupakua masasisho, na zikiamka pamoja kwenye diski ya sahani, maombi 70 kwa sekunde hayatoshi hata kidogo. Anayeniuliza kitu kimoja cha kununulia kompyuta ya zamani, namjibu SSD.

Lakini uzito wa ghafla kwenye diski iliyokuwa ikifanya kazi vizuri ni habari nyingine. Sekta, yaani kipande kidogo cha diski, ikianza kuharibika, diski haikati tamaa mara moja. Inajaribu kuisoma tena na tena, wakati mwingine kwa makumi ya sekunde, na muda huo wote kila programu inayoihitaji imesimama. Mtumiaji anaona kompyuta inaganda, inaachia, inaganda tena. Windows huandika mambo haya kimyakimya kwenye Event Viewer: tukio namba 7 linamaanisha sekta mbovu imekutwa, na namba 153 linamaanisha ombi la kusoma au kuandika limelazimika kurudiwa. Diski yenyewe nayo ina daftari lake liitwalo SMART, linalosomeka kwa programu kama CrystalDiskInfo. Humo angalia idadi ya sekta zilizohamishwa na zile zinazosubiri kuhamishwa.

Mwaka 2007 wahandisi wa Google, Eduardo Pinheiro, Wolf-Dietrich Weber na Luiz André Barroso, walichapisha matokeo ya kufuatilia zaidi ya diski 100,000 za kampuni hiyo. Diski iliyopata kosa lake la kwanza la ukaguzi wa sahani ilikuwa na uwezekano mara 39 zaidi wa kufa ndani ya siku 60 kuliko diski isiyo na kosa. Hilo linatosha kumfanya mtu aanze kunakili mafaili siku hiyo hiyo. Matokeo ya pili ni ya kutisha zaidi: zaidi ya theluthi moja ya diski zilizokufa hazikuwa zimeonyesha dalili yoyote kwenye SMART. Daftari safi, basi, halimpi mtu ruhusa ya kukaa bila nakala.

Zamani kulikuwa na kisa ambacho mafundi wa enzi ya Windows XP watakikumbuka. Mfumo ule ulipohesabu makosa sita ya usafirishaji wa data kutoka kwenye diski, ulishusha kasi ya usafirishaji ngazi kwa ngazi, na mwisho wake ilikuwa namna ya zamani iitwayo PIO, ambayo huilazimisha prosesa kubeba kila kipande yenyewe. Kasi ilianguka, hakuna ujumbe uliotokea kwenye skrini, na waya mbovu wa bei ndogo ungeweza kuwa ndio chanzo. Mashine ilikuwa ikijilinda isiharibu data. SSD nazo hazijasalimika: mwaka 2014 wenye Samsung 840 EVO waligundua kwamba mafaili yaliyokaa miezi bila kuguswa yalisomeka polepole mno, na ilibidi Samsung itoe programu ya kurekebisha. Na SSD yoyote ikijaa hadi ukingoni hupungua kasi ya kuandika, kwa kuwa haina vyumba vitupu vya kupangia upya data. Acha sehemu ya kumi au zaidi ikiwa wazi. Usiifanyie ile kazi ya zamani ya kuunganisha vipande vya mafaili iliyosaidia diski za sahani. Inaila maisha bila faida.

Tabia hiyo ya mashine kujilinda ndiyo inayoeleza kundi jingine la kesi, ambalo katika hali ya hewa yetu ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Prosesa nyingi za Intel zina ukomo wa joto wa nyuzi 100 hivi. Zikiukaribia, zinajipunguza kasi zenyewe ili zisiungue. Kompyuta mpakato iliyotumika miaka mitano Ulaya au Dubai, kisha ikaja kuwekwa juu ya godoro au kitambaa cha meza mjini Tanga mwezi Februari, ina vumbi kwenye feni na peisti iliyokauka kati ya prosesa na kipozeo. Dalili yake ni ya wazi ukijua pa kutazama: mashine inawaka vizuri, inakwenda vizuri dakika kumi, feni inaanza kuvuma, kisha kila kitu kinakuwa kizito. Fungua ukurasa wa utendaji kwenye Task Manager usome kasi ya prosesa kwa gigahezi. Prosesa ya 2.5 inayobaki kwenye 0.8 wakati kazi ni nyingi imebanwa ama na joto ama na umeme.

Na umeme hapa maana yake ni chaja na betri. Kompyuta za Dell, ambazo zimejaa kwenye soko letu la mitumba, huitambua chaja kwa pini ndogo ya katikati. Pini ikivunjika, au chaja ikiwa ya kuiga isiyotambulika, mashine huacha kuchaji betri na hupunguza kasi ya prosesa ili isidai umeme ambao chaja huenda haina. Mwenye mashine anapigiwa Windows, anaongezewa RAM, anabadilishiwa diski, na dawa ilikuwa chaja. Kabla ya kufungua mfuko, azima chaja halisi ya mtu mwingine dakika tano.

Betri zilishawahi kuwa kesi ya dunia nzima. Mwaka 2017 watumiaji wa iPhone waligundua kwamba simu zao zilizokuwa nzito zilirudi kwenye kasi zikibadilishwa betri, na vipimo vilivyochapishwa na John Poole wa Primate Labs Desemba mwaka huo viliunga mkono dai lao. Apple ilikiri kwamba masasisho yake yalikuwa yakipunguza kasi ya simu zenye betri zilizochoka ili zisizime ghafla. Iliomba radhi, ikashusha bei ya kubadilisha betri kutoka dola 79 hadi 29, na mwaka 2020 ikakubali kulipa hadi dola milioni 500 kumaliza kesi. Kiufundi, sababu yao ilikuwa ya kweli. Kosa lao lilikuwa kutomwambia mwenye simu.

Kirusi, ambacho watu hukitaja kwanza, nimekichelewesha kwa makusudi, kwa sababu kukitaja kwanza huzuia vingine visitazamwe. Hata hivyo kipo, na uzito ni dalili yake ya kale. Tarehe 2 Novemba 1988 mnyoo ulioandikwa na Robert Tappan Morris, mwanafunzi wa Cornell, ulienea kwenye intaneti ya wakati ule. Haukufuta faili hata moja. Ulikuwa ukiuliza kila mashine kama tayari ina nakala yake, lakini mara moja katika saba ulijipandikiza bila kujali jibu, kwa hiyo nakala zilirundikana mpaka mashine zikashindwa kufanya kazi nyingine. Walichokiona wasimamizi wa mitambo vyuoni kabla ya kujua chochote kuhusu mnyoo ni mashine zilizozidi kuwa nzito kila dakika.

Wezi wa leo wanaiba prosesa yenyewe. Kati ya Septemba 2017 na Machi 2019, huduma iitwayo Coinhive iliwawezesha wenye tovuti kuchimba sarafu ya Monero kwa kompyuta za wasomaji wao, na wengi wa wasomaji hawakuulizwa. Huduma hiyo ilifungwa, lakini uchimbaji haukukoma. Njia yake rahisi kwetu ni programu zilizovunjwa leseni na vile vifaa vya kuamsha Windows na Office bila kulipia, vinavyopita kutoka flashi moja hadi nyingine. Anayeviendesha huzima kinga kwanza kwa sababu maelekezo yanasema hivyo, kisha anashangaa prosesa kuwa na kazi usiku kucha. Ukiona prosesa inapumzika mara tu unapofungua Task Manager na feni inavuma tena ukiifunga, shuku mchimbaji aliyefundishwa kujificha. Kosa la upande wa pili ni kuweka kinga mbili au tatu za virusi kwa pamoja: kila faili linakaguliwa mara tatu, na zenyewe zinashukiana.

Masasisho ya mfumo ni chanzo cha kweli lakini mara nyingi cha kupita. Mashine iliyokaa wiki bila intaneti ikiunganishwa itakuwa nzito saa moja au mbili, basi iachwe imalize. Mara chache uzito unabaki: baada ya udhaifu wa Meltdown na Spectre kutangazwa Januari 2018, Microsoft yenyewe ilisema kwamba wengi wa wenye Windows 7 na 8 kwenye prosesa za Intel za kizazi cha Haswell au za kabla yake wangehisi upungufu wa kasi. Jambo moja dogo hapa linasaidia wengi. Tangu Windows 8, kuzima kompyuta kwa kawaida hakuizimi kikamilifu; kiini cha mfumo huhifadhiwa kwenye diski ili kuwaka kuwe kwa haraka. Anayezima kila jioni anaweza kuwa na mfumo uliokaa wiki tatu bila kuanza upya. Amri ya kuwasha upya ndiyo inayosafisha, na inafaa kujaribiwa baada ya kutazama Task Manager, kwa kuwa ukiwasha upya kwanza umefuta alama.

Na kuna nyakati ambapo kompyuta haina hatia yoyote. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na kutoka Tanzania hadi Kenya na Uganda watu walikaa mbele ya kurasa zisizofunguka. Kipimo ni chepesi: fungua faili lililomo ndani ya mashine yenyewe. Likifunguka mara moja huku tovuti zikisuasua, laini ndiyo nzito.

Ninachokiomba kwa msisitizo kuliko vyote ni kwamba usitafute tiba kwenye tangazo linalokuambia kompyuta yako ni mgonjwa. Mwaka 2019 Tume ya Biashara ya Marekani ilitangaza kwamba kampuni ya maduka ya Office Depot ingelipa dola milioni 25, na Support.com, iliyotengeneza programu yao ya ukaguzi, dola milioni 10. Mteja aliulizwa maswali manne mwanzoni, mojawapo kama kompyuta yake imekuwa nzito. Akikubali hata moja, programu ilitoa taarifa ya dalili za virusi, kisha akauziwa matengenezo. Jibu la ukaguzi lilitoka kwenye swali. Kama maduka makubwa yaliweza hivyo, programu ya bure inayojiita ya kuharakisha kompyuta haina sababu ya kuaminiwa. Nyingi za kusafisha rejista ya Windows hazileti kasi inayopimika, na Microsoft yenyewe haiungi mkono matumizi yake.

Siku kompyuta yako itakapokuwa nzito ghafla, nakili kwanza mafaili usiyoweza kuyapata tena, kwa sababu bado hujui kama diski ndiyo mgonjwa. Fungua Task Manager kabla ya kuzima chochote, uandike kilicho juu na kasi ya prosesa. Jiulize nini kimebadilika tangu siku ilipokuwa nyepesi: programu, chaja, sasisho, flashi ya mgeni, mahali inapokaa. Kisha, ukilazimika kwenda kwa fundi, mpelekee maandishi hayo na umwombe akuonyeshe kwenye skrini kinachobana kabla hajakupa bei. Asiyeweza kukuonyesha, usimruhusu afute diski yako.